Jini Aliyetaka Mkalimani

Siku niliyopata habari kwamba nimepewa nafasi ya kwenda Cairo kusoma lugha na utamaduni wa Kiarabu, baba yangu alikuwa shambani anang'oa miti ya pamba ya msimu uliokwisha. Nilimfuata huko huko nikamweleza. Alinyoosha mgongo, akaniangalia, akaniuliza Kiarabu kinapandwa mwezi gani.

"Hakipandwi, baba."

"Sasa utavuna nini?"

Mimi nilikuwa nimeomba kilimo. Nafasi za kilimo zilikuwa zimejaa, zikabaki hizo za Kiarabu ambazo hakuna aliyezitaka, na aliyeniita ofisini alinieleza kwa sauti ya mtu anayempa mgeni kipande cha mwisho cha nyama, chenye mfupa. Ningeweza kukataa. Lakini mimi ni mtu wa hasira za karibu, na jambo likichekwa ndipo ninapolishika kwa mikono miwili. Wangenyamaza, labda leo ningekuwa bwana shamba mwanamke huko Maswa.

Hawakunyamaza. Bariadi wakati huo ilikuwa bado chini ya mkoa wa Shinyanga, na pamba ndiyo kwanza ilikuwa imefunguliwa: badala ya chama cha ushirika peke yake, walikuja wanunuzi binafsi na mizani zao, mmoja huku mwingine kule, kila mmoja akisema ya mwenzake imechezewa. Mitumba ilimwagwa sokoni mpaka wazee wakavaa makoti ya baridi ya Ulaya juani. Watu walijifunza kuulizia faida ya kila kitu. Ng'ombe ana faida gani, mke wa pili ana faida gani, sembuse Kiarabu. Baba alikuwa mzee wa kanisa, kwa hiyo wengine waliniuliza kama nitarudi na ushungi na jina jipya. Mwenzangu mmoja wa kwaya alinishika mkono akalia hasa, nami nikamwambia aache, siendi kuzikwa.

Ila lililoniudhi kuliko yote lilitoka kwa watu walioniheshimu. Huku kwetu Kiarabu kilijulikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni madrasa ya msikiti mdogo karibu na soko. Ya pili ni majini. Mtu akipandwa na jini la Kiarabu husema maneno asiyoyajua mtu, huomba kitambaa cheupe, marashi na kahawa, na nfumu, yaani mganga wetu wa kienyeji, hukaa naye mpaka litulie. Ndiyo maana mama mmoja jirani alikuja kwetu na kuku mkononi kunipa hongera. Alisema ni jambo kubwa kwa mtoto wa kike kwenda kusomea lugha ya majini. Mama yangu alimpokea kuku akamshukuru. Mimi niliingia ndani nikakaa huko mpaka aondoke.

Cairo niliichukia mwaka wa kwanza na kuipenda mwaka wa pili. Sitaeleza vumbi wala mto, wameyaeleza wengine. Nitasema tu kwamba nililala chumba kimoja na msichana kutoka vijijini huko Oman, mpole, mvivu wa kufua, ambaye alinifundisha mengi kuliko darasa. Darasani tulisoma lugha ya vitabu. Chumbani nilisikia lugha ya watu wanaotafuta viatu vyao.

Siku moja jamaa zake walikuja mjini kumtibu mzee wao, akanichukua twende tukawaamkie. Nikamiminiwa kahawa katika kikombe kisicho na mkono, kidogo, unaweza kukificha kiganjani. Nikanywa. Nikaongezewa. Mimi nimelelewa kwamba mgeni hakatai kitu mbele ya wazee, basi nikanywa tena, nikaongezewa tena, mpaka moyo ukaanza kunienda mbio na mikono ikanitetemeka. Hapo mmiminaji akaondoa birika. Rafiki yangu alicheka njia nzima. Kumbe kwao ukitosheka unatikisa kikombe kidogo kabla ya kukirudisha. Usipotikisa, watakumiminia mpaka kesho. Mimi niliokolewa na kutetemeka.

Jioni hiyo alinieleza na jambo jingine. Kule kwao ndani, mgeni akishakunywa kahawa huulizwa habari, na si habari za mdomoni. Mwenyeji anauliza, nyumba inanyamaza, mgeni anaeleza alikotoka, njia aliyopita, aliyoyaona na aliowaacha. Nyumba isiyokuuliza habari ni kama haijakuona. Nilifurahi nikamweleza ya kwetu: unaanza na mwangaluka ya asubuhi, unaulizwa wewe ni wa nani, mhola, yaani habari, za nyumbani, mhola za ng'ombe, mhola za mvua, na mpaka hapo hujasema kilichokuleta. Tuliona tumetoka kijiji kimoja. Kwangu mimi hapo ndipo masomo yalipoanza, ingawa cheti hakisemi hivyo.

Nilirudi nyumbani likizo ya mwaka wa tatu, kipindi cha kuuza pamba.

Bariadi kulikuwa na duka moja la zamani la Waarabu. Mwenye duka alikuja enzi za ukoloni kununua ngozi na samli, akaleta mke kutoka kwao Oman akiwa bado binti mdogo. Mume alikufa kabla sijazaliwa. Mke ndiye niliyemkuta mimi, bibi wa dukani, aliyekuwa akipima sukari na kugombana na wanunuzi kwa Kisukuma cha kijijini kabisa, chenye matusi yake yote. Mtoto wake wa kiume alikuwa rafiki wa baba. Ng'ombe zake alikuwa amezikabidhi kwa baba azichunge, kama desturi yetu, na watu wakichungiana ng'ombe wamekuwa ndugu. Kwa hiyo mimi nilimwita baba mdogo. Naye soko lilipofunguliwa aliweka mizani yake mwenyewe, akawa mnunuzi wa pamba. Ukimsikia akiongea nyuma ya ukuta ungedhani ni mfugaji wa Kalemela amekuja kutafuta ndama aliyepotea.

Asubuhi moja baba mdogo alifika kwetu kwa pikipiki. Alikuwa amekonda. Hakukaa kwenye kiti alichopewa, na salamu alizifupisha, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alitueleza kwamba mama yake alipigwa na kiharusi miezi iliyopita. Hospitali walimtibu, upande mmoja ukabaki dhaifu, lakini akarudi nyumbani akiwa hai. Tatizo likaanza hapo. Kisukuma kilikuwa kimemtoka chote, Kiswahili pia, na badala yake anasema maneno ambayo nyumba nzima haiyaelewi. Tena hali chakula. Chai anapiga funda moja, uji anageuza uso. Anaisha.

"Tulimwita mwalimu wa madrasa," alisema. "Akamsomea dua vizuri, mama akaitikia amina. Halafu mama akaanza kumsemesha. Mwalimu akasema, mimi nasoma, sisemi. Akaomba radhi akaondoka."

"Halafu?" baba aliuliza.

Baba mdogo akatazama chini. "Halafu tukamwita nfumu."

Baba alikohoa. Alikuwa mzee wa kanisa, na kikohozi hicho tulikijua sote.

"Nfumu alimsikiliza muda mrefu," baba mdogo akaendelea. "Amesema ni jini la Kiarabu, lakini si kali. Lina adabu zake. Shida yake limekosa wa kusema nalo. Akauliza, hapa Bariadi nani anajua lugha yao? Ndipo wakamtaja ng'wanone huyu." Akanionyesha kwa kidevu. Ng'wanone ni mwanangu, na mara zote aliniita hivyo. "Kaka, nimekuja kumwomba akatafsiri."

Mimi hasira zilinipanda mpaka masikioni. Nimevuka nchi, nimelia juu ya vitabu, nimeshikwa na homa za kule, nirudi nyumbani kuwa mkalimani wa jini! Nilifungua mdomo. Baba akaniwahi.

"Ungesoma kilimo," alisema taratibu, "leo ungeitwa kwa sababu ya wadudu. Nenda na baba yako mdogo. Yule bibi amekupa peremende tangu hujaota meno. Ila ngoma usipige."

Chumba cha bibi kilikuwa nyuma ya duka, kina harufu ya sabuni na magunia. Nfumu alikuwa amekaa kwenye mkeka, mama wa makamo, shanga shingoni, kibuyu chake pembeni. Aliniangalia kuanzia miguuni akanisogezea nafasi.

"Karibu, mwenzangu," akasema.

Mwenzangu! Leo hii nalicheka neno hilo kuliko mengine yote. Siku ile nilikaa mbali naye kadiri mkeka ulivyoruhusu.

Bibi alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Nilimkumbuka mwanamke mnene, mwenye sauti ya kufukuza mbuzi. Niliyemwona alikuwa mdogo, nywele zimefungwa vizuri, macho yakipita usoni mwa kila mtu na kuendelea. Alikuwa anasema kwa sauti ya chini, polepole. Mwanzo sikuambulia kitu. Mdomo ulikuwa umelegea upande mmoja, na maneno yenyewe hayakuwa ya kitabuni. Niliogopa. Mbele yangu wakwe zake, wake za baba mdogo, walikuwa wamenikazia macho wakingoja nitafsiri, na mimi nafikiri, loo, miaka yote hii nimesoma nini. Kisha likapita neno moja ambalo rafiki yangu wa Cairo hulisema akitafuta kiatu. Nikalishika hilo. Likaja la pili. Kidogo kidogo nikawa namsikia.

Alikuwa anauliza nyumba hii ni ya nani. Alikuwa anasema watu hawa ni wema, wanamletea chakula, lakini tangu amefika hakuna aliyemuuliza habari.

Nilipoelewa nililia pale pale, mbele ya watu. Nfumu akaitikia kwa kichwa kuwaonyesha wengine kwamba kazi imeanza.

Nikamgeukia baba mdogo. "Si jini. Ni bibi mwenyewe. Amerudi kwenye lugha yake."

"Lugha gani?" Alinikatalia kabisa. "Mama hana lugha hiyo. Mama ni Msukuma. Tangu nizaliwe sijamsikia."

"Ni ya kwao, baba mdogo. Ya utotoni. Anadhani yeye ni mgeni hapa, kafika sasa hivi. Na mgeni mwenye adabu hali chakula kwenye nyumba ambayo haijamuuliza habari."

Mkwe mmoja akasema basi tumuulize. Nikasema lazima kahawa kwanza. Nyumba ile ilikuwa ya chai, nikaanza kufikiri kahawa nitaipata wapi Bariadi. Nfumu akavuta kikapu chake. Kahawa ilikuwemo, alikuwa ameagiza iletwe kwa ajili ya jini, na vikombe vidogo, na marashi, na kitambaa cheupe kipya. Nilitazama vile vitu vimepangwa na sikuona hata kimoja ambacho mwenyeji wa Oman angekiacha anapompokea mama mwenye heshima. Tangu siku ile nikisikia mtu anawacheka wafumu, mimi nakaa kimya.

Tulimtandikia bibi kitambaa magotini. Nikamnyunyizia marashi viganjani, akavinusa, akafumba macho. Nikashika birika kwa mkono wa kushoto na kikombe kwa mkono wa kulia, kama nilivyoonyeshwa, nikammiminia kidogo. Akanywa. Nikaongeza. Akanywa. Kisha akakitikisa kikombe kwa ule mkono wake mzima.

"Anatetemeka," mkwe akanong'ona, "mshikeni."

"Hatetemeki," nikasema. "Ametosheka."

Ndipo nikamuuliza habari zake, kwa maneno yale yale ya kijijini kwao. Uso wake ulibadilika. Aliketi sawa kadiri alivyoweza. Akajibu kwanza kwamba habari ni njema, hakuna ila njema, kama wanavyoanza wote. Halafu akaeleza. Alisema amekuja kwa meli iliyomtapisha, kisha gari moshi, kisha lori la pamba, kukaa juu. Alisema nchi ni tambarare mno, hakuna mlima wa kukujulisha uko wapi. Mume bado hajamzoea, lakini hapigi kelele. Siku ya kuondoka mama yake hakutoka nje kumuaga. Alibaki nyuma ya mlango, kwa sababu angetoka asingemwachia. Akasema naye pale pale mlangoni: huko uendako usilie mbele za watu, na maneno yao uyajifunze upesi, ili wanao wasionekane wageni.

Mimi nilikuwa natafsiri kipande kwa kipande. Nilipofika hapo nilimwona baba mdogo ameshika paji la uso. Sasa alikuwa anajua kwa nini hakuwahi kusikia lugha hiyo.

Bibi alipomaliza, uji uliletwa, akaupokea kutoka mkononi mwangu akanywa nusu bakuli. Wakwe wakaanza kulia kwa furaha. Nfumu alikusanya vitu vyake, akapokea kuku wake kwa haki kabisa, akanipa mkono akaenda zake. Baba mdogo peke yake ndiye aliyebaki amekaa.

"Muulize," akaniambia, "kama ananijua mimi."

Nikamuuliza. Bibi alimtazama mwanawe kwa muda, kwa heshima. Akasema: "Huyu ndiye mwenye nyumba. Mtu mwema. Anakuja kila asubuhi ananitazama. Lakini hasemi. Nadhani ni bubu, maskini."

Mwalimu wetu wa tafsiri alikuwa mkali juu ya jambo moja: mkalimani haongezi na hapunguzi. Nilitamani kumvunjia sheria yake. Nilikuwa tayari na uongo mzuri mdomoni, kwamba anakujua, anakushukuru. Nikamwangalia baba mdogo nikaona atajua. Nikamtafsiria yote, mpaka lile neno maskini.

Nje watu waliokuwa wamengoja kwenye mizani walianza kuita.

"Nifundishe," akasema.

Nikamfundisha. Alikuwa mtu mzima mwenye ulimi uliokwisha kukomaa kwa Kisukuma, na herufi za kooni zilimtesa. Alijifunza pale pale kwenye biashara yake, anapima pamba huku anarudia: karibu, umefika kwako, habari zako, habari za njia. Wakulima waliopanga foleni wakamsikia wakaanza kumsahihisha, wasijue hata wanachosahihisha. Mzee mmoja aliyetoka Binza na mkokoteni wake alikishika kuliko yeye, akawa anamwamkia kila mtu hapo kwa Kiarabu na kuitikiwa mhola. Nilimfundisha na mambo ya kahawa, mkono upi ushike nini. Alikuwa anafanya mazoezi na kikombe kitupu juu ya gunia, mikono yake mikubwa ya kubeba marobota, na nilimwonea huruma nikampenda zaidi ya nilivyowahi kumpenda.

Siku aliyosema yuko tayari, alioga, akavaa kanzu ya marehemu baba yake iliyombana mabegani. Akaingia na birika. Mimi aliniomba nibaki nje ya pazia, nisimsaidie hata akikosea.

Alikosea mara kadhaa. Lakini alimimina sawasawa, na kwenye upenyo wa pazia niliona kikombe kikitikiswa. Kisha akamuuliza mama yake habari.

Halafu bibi akaanza kusema, haraka, kwa uchangamfu, sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake tangu aumwe. Bubu amesema! Alimpa habari ndefu, na hazikuwa zile alizonipa mimi. Baba mdogo hakuelewa hata neno. Aliinamisha kichwa akasikiliza mpaka mwisho, na kila bibi aliponyamaza kupumzika, aliitikia kwa lile neno moja alilokuwa nalo: umefika kwako, umefika kwako.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Alifunga pazia nyuma yake taratibu.

"Amesema nini?"

"Amekushukuru kwa ukarimu," nikamwambia. "Amesema ana mtoto wa kiume, mdogo bado, mkaidi, anapenda kulala juu ya magunia ya pamba na hali mpaka alishwe na yeye mwenyewe. Amesema anaomba umruhusu aende nyumbani, mtoto asije akalala njaa."

Baba mdogo alisimama hapo, mkono kwenye pazia. Kisha akalisogeza akarudi ndani, nikamsikia anaanza upya salamu zote, tangu ile ya kwanza.